Saa moja na watoto wa ndovu pale Sheldrick: usiende kukumbatiwa, nenda kuangalia

Tangu niweke zile picha zetu za Sheldrick, kile kituo cha kulea watoto yatima wa ndovu hapa Nairobi, watu wamekuwa wakiniuliza swali moja tu, je inafaa kweli kulipa ile pesa kuenda kuangalia watoto wa ndovu wakinyonya chupa kwa saa moja. Mimi nasema inafaa, na kama uko na mtu unampenda na hujui utampeleka wapi Nairobi hii ambapo kila mtoko ni twende tukale kuku, mpeleke pale. Nyota tano kutoka kwangu. Lakini ujue kitu unalipia. Mtu akienda akitarajia ndovu atamkumbatia apige selfi arudi nyumbani, ataona ni ghali. Pale unalipia kusimama na kuangalia wanyama na watu wakipendana waziwazi mbele yako, wanaguswa wanagusa hakuna anayeona haya, na hicho kitu hapa mjini hatukioni sana.

Kituo chenyewe ni kile cha Sheldrick Wildlife Trust, kiko ndani ya Nairobi National Park, unaingilia upande wa Magadi Road. Matatu za Rongai, 125 na 126, zitakufikisha Magadi Road ukitoka mjini, lakini sisi tulikuwa na mzee na mtoto tukachukua teksi ya kutufikisha hadi ndani na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Umma unaingia saa tano asubuhi mpaka saa sita, basi, hakuna kuongezewa. Ni kila siku isipokuwa Krismasi, na lazima ubuku mapema kwa tovuti yao, usiende tu ukidhani utalipia langoni. Bei iangalie hapo hapo kwa tovuti unapobuku juu inabadilika, na kuna ya raia na ya wageni.

Nilienda na baba yangu na mtoto wa kakangu. Baba ni mtu wa Kinangop, ng'ombe wa maziwa ndio maisha yake, na nilimleta mjini kwa mambo ya hospitali, yakaisha mapema kuliko tulivyodhani, nikaona kabla arudi nyumbani aone kitu kizuri. Yeye alikuwa anauliza kwani ndovu ni nini hajaona, huko kwao Aberdare ndovu hushuka wakaharibu mashamba ya watu, watu wa milimani hawaoni ndovu kama mchezo. Nikamwambia baba twende tu.

Mnasimama mmezunguka kamba. Katikati ni uwanja wa mchanga mwekundu na dimbwi la matope, na kwanza hakuna kitu, ni ngiri wanapitapita kama wenye boma. Alafu kwa kichaka unaona masikio. Wanakuja mbio, wadogo kwanza, mmoja nyuma ya mwingine, masikio yamefunguka, na kila mmoja anajua mlezi wake wa chupa siku hiyo amesimama wapi, anaenda moja kwa moja kwake anafungua mdomo. Chupa kubwa ya maziwa inaisha haraka haraka mpaka mtoto wetu akaanza kupiga makofi, ikabidi nimshike mikono juu wanaomba watu wasipige kelele. Kuna wale wakubwa kidogo wanashika chupa wenyewe na mkonga, wanainua juu wanakunywa. "Anti, huyo hataki kusaidiwa!" aliniambia, na hiyo sentensi ameirudia mpaka leo.

Wakishamaliza kunywa ndio sehemu ninayoipenda mimi inaanza, na naona wageni wengi ndio hapo wanaanza kuangalia simu zao, usifanye hivyo. Angalia mikonga. Mmoja anamkaribia mwenzake anaweka ncha ya mkonga ndani ya mdomo wa yule mwingine, anauacha hapo kidogo. Hiyo ndio salamu yao, na pia ni njia ya kuambiana niko hapa, usiogope, inafanywa na ndovu wakubwa wa mwituni vile vile. Wawili wanasokotana mikonga. Mmoja anaegemea mwingine kwa ubavu mwili mzima, anasimama tu hivyo. Kuna mdogo mmoja alikuwa ananyonya ncha ya mkonga wake mwenyewe, na mlezi aliyekuwa na maikrofoni akaeleza kwamba watoto wa ndovu hufanya hivyo kujituliza, vile mtoto wa mtu hunyonya kidole gumba. Na kila mara mdogo akibaki nyuma kuna jike mkubwa kidogo, bado naye ni mtoto tu wa miaka miwili mitatu, anageuka kumwangalia, anamrudia, anampapasa mgongoni, wanaenda pamoja. Hakuna aliyemfundisha. Majike wa ndovu hulea watoto wa wenzao tangu wakiwa wadogo, familia nzima ya ndovu inaongozwa na jike mzee na mtoto mmoja anaweza kuwa na dada na shangazi kibao wa kumkimbilia akilia.

Hawa sasa hawana. Wengine mama zao waliuawa na majangili, wengine walianguka kwa visima, wengine ni kiangazi. Mkumbuke ule ukame wa 2022, wizara ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kuanzia Februari hadi Oktoba mwaka huo, na mama akifa akiwa na mtoto wa kunyonya, mtoto naye amekwisha asipopatikana haraka, juu mama ndovu hubeba mimba miezi 22 na mtoto akizaliwa hawezi kuishi bila maziwa kwa miaka kama miwili ya kwanza. Kwa hivyo yule unamuona anacheza matope hapo mbele yako amepitia msiba. Mlezi alikuwa anataja jina la kila mmoja na alipotoka, mmoja Tsavo, mwingine Samburu, na mengi ya majina ni ya mahali mtoto alipookolewa.

Sasa niongee juu ya walezi, na hapa nitachukua muda juu hawa ndio walinifanya niandike.

Wale niliowaona siku hiyo wote ni wanaume. Wamevaa makoti marefu ya kijani na kofia, wengine vijana, wengine watu wazima kabisa wa rika la kakangu mkubwa. Kazi yao ni kumpa mtoto maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Usiku mlezi analala na mtoto kwa zizi lake, kitanda kiko hapo ndani, na wadogo wanafunikwa blanketi. Mvua ikinyesha wanafunikwa. Jua likiwa kali kwa yule mchanga sana anatafutiwa kivuli. Kuna kitu wanafanya cha kutundika blanketi mtoto aegemeze mkonga wake hapo anaponyonya chupa, juu mtoto wa ndovu akinyonya mamake mkonga wake hupumzika kwa mwili wa mama, na akikosa kitu cha kugusa anasumbuka kunywa. Hebu fikiria mtu wa kwanza aliyewaza hivyo, akaona mtoto anakataa chupa na akajua shida si maziwa, shida ni kwamba hana mahali pa kuweka mkonga.

Daphne Sheldrick ndiye aliyeanzisha shirika hili 1977, baada ya mumewe David kufa, huyo David ndiye alikuwa mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Maziwa tu yalimchukua miaka mingi kuyapata sawa. Tumbo la ndovu mchanga haliwezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe, na watoto walikuwa wanamfia mkononi mpaka akagundua mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. (Baba alipoelezwa hiyo alikaa kimya kidogo, kwake maziwa ya ng'ombe ndio maziwa.) Wa kwanza mchanga kabisa kuishi kwa maziwa hayo aliitwa Aisha, na Daphne alimlea mwenyewe, wakawa hawaachani. Alafu ikabidi Daphne asafiri kuja Nairobi harusi ya binti yake, akamwacha Aisha na mtu mwingine. Aisha akakataa kula. Akafa.

Ndio maana mpaka leo walezi wanabadilishana. Leo unalala na huyu, kesho na yule, ndio mtoto apende walezi wote na asijifunge kwa mmoja, siku mmoja akienda likizo ama akiugua mtoto asivunjike moyo. Nilipoelewa hivyo nikaona hiyo ni akili kubwa sana ya upendo, kukubali mtoto asikupende wewe pekee yako. Kuna wazazi wengi hata sisi watu hatujafika hapo.

Na wanavyowagusa! Mlezi anapita katikati ya ndovu na mkono wake hautoki kwa miili yao, anashika sikio, anapapasa shingo, anafuta macho, mtoto anamfuata anamsukuma na kichwa nyuma ya goti, naye anaongea naye pole pole kwa Kiswahili. Njoo. Pole. Maliza maziwa. Wanaume wa Kenya, mimi nimelelewa na wanaume wa Kenya na nawapenda, lakini wengi wao wangependelea kukulipia karo miaka minane kuliko kukushika kichwa hivyo mbele ya watu. Hapa wanafanya mbele ya watu wengi na hawajali.

Baba ndiye alikuwa wa kwanza kusema. Alikuwa amenyamaza muda mrefu, mikono nyuma, akiangalia mlezi mmoja hasa, mzee mzee hivi. Alafu akasema, "Maitu, huyo mtu anajua kazi." Ananiita hivyo, yaani mama kwa Kikuyu, juu nimepewa jina la mamake. Nikamuuliza anajuaje, akasema angalia anavyoenda kwa mnyama, anaanza kuongea kabla amfikie, alafu anamgusa shingo kwanza. Akaanza kunieleza juu ya ng'ombe wake kitu hajawahi kuniambia maisha yangu yote, na mimi nimekua kwa hilo boma. Ati kuna mmoja wake akimkwaruza chini ya shingo ananyoosha shingo mbele mpaka macho yanafunga. Ati wana marafiki, wawili watalambana kichwa na shingo kila jioni na ukiuza mmoja yule mwingine analia siku kadhaa. Ati siku mama alikamua ng'ombe ambaye alizoea baba, ng'ombe alizuia maziwa kabisa mpaka baba akaitwa kutoka kanisani.

Hiyo ya kuzuia maziwa ni kweli kisayansi. Maziwa hushuka kwa sababu ya homoni inaitwa oksitosini na ng'ombe akiwa na wasiwasi haitoki vizuri, maziwa yanabaki juu. Homoni hiyo hiyo ndio inashughulika mama anaponyonyesha mtoto wa mtu. Na mwaka 2015 watafiti wa Japani walipima mbwa na wenye mbwa wakagundua wakiangaliana machoni muda mrefu, oksitosini hupanda kwa wote wawili, mbwa na mtu. Mimi nikisoma vitu kama hivyo nafurahi sana juu wale wanaosema mnyama hana hisia ni tumbo tu, wanaongea tu.

Na kuna hii ya majina. 2024 ilitoka utafiti kwa jarida la Nature Ecology & Evolution, walichukua sauti za ndovu wa Amboseli na Samburu, ndovu wetu hawa, zilizorekodiwa kwa miaka mingi, wakapata kwamba ndovu akimwita mwenzake sauti yake ina kitu cha huyo mwenzake pekee yake, yaani kama jina. Walipowachezea ndovu 17 sauti hizo, kwa jumla walijibu zaidi ile iliyokuwa yao, wakikaribia spika ama wakiitika. Sauti zenyewe nyingi ziko chini sana sikio letu halizipati zote, zinasafiri kilomita kadhaa. Kule Amboseli ndiko mtafiti Cynthia Moss amefuatilia familia za ndovu tangu 1972, na kule wameona familia ikikutana baada ya kutengana kidogo tu, wanakimbiliana wakinguruma, masikio yanapiga, maji yanatiririka kando ya macho kwa tezi zao, wanasukumana vichwa, yaani ni kama hawajaonana mwaka. Nilipomwambia baba hayo ya majina hakushangaa. Ng'ombe wake wote wana majina na kila mmoja anakuja akiitwa.

Saa sita ikafika, wakaondoka na walezi wao kurudi msituni. Tulikuwa na njaa lakini mtoto alikuwa amesikia kuna twiga, kwa hivyo tukaenda Giraffe Centre pia, si mbali, ni Lang'ata hapo, ukitoka mjini kwa matatu ni 24 inapita Hardy alafu unamalizia na boda. Wao wako wazi kuanzia saa tatu mpaka jioni saa kumi na moja, hawana haraka.

Pale ni tofauti, na watu wanalinganisha hizi sehemu mbili vibaya. Pale unapewa chakula cha kulisha mkononi, unapanda juu kwa jukwaa ndio uwe sawa na kichwa cha twiga, na ulimi unakuja, mrefu karibu sentimita 45, wa rangi nyeusi nyeusi, wenye mate mengi. Watu walikuwa wanaweka chakula katikati ya midomo ndio twiga awabusu. Mtoto wetu alifanya hivyo akacheka mpaka akakaa chini. Ni raha tupu, nyota nne, mpeleke mtoto yeyote. Lakini mimi sikuondoka nikisema nimependwa na twiga. Twiga anataka chakula, na chakula kikiisha anageuka anaenda kwa mwingine, na akichoka na wewe anaweza kukupiga kichwa kwa hivyo sikiliza wafanyakazi wanaposema usimkaribie bila chakula. Upendo uko mahali pengine kwa hiyo hadithi. Jock na Betty Leslie-Melville walianza hiyo kazi juu twiga wa aina ya Rothschild walikuwa wamebaki wachache mno na shamba walipoishi kule Soy, karibu na Eldoret, lilikuwa linagawanywa watu walime. Wakamleta mdogo mmoja nyumbani kwao 1974, wakamwita Daisy, wakamlea. Shirika likaja 1979, kituo kikafunguliwa kwa umma 1983, na twiga waliozaliwa pale wamepelekwa hifadhi mbalimbali Kenya. Hiyo ndio napenda.

Alafu nikwambie kitu watu hukosea sana na twiga. Ukiona picha ya twiga wawili wamezungushiana shingo na chini imeandikwa mapenzi, mara nyingi hao ni madume wawili wanapigana. Wanapimana nguvu na shingo. Ukitaka kuona upendo wa twiga muangalie mama akimlamba mtoto aliyezaliwa sasa hivi, yule ameanguka kutoka juu karibu mita mbili juu mamake huzaa amesimama, analambwa mpaka anajaribu kusimama.

Ndio maana nasema kuna haja ya kujifunza kuangalia. Nimewahi kuenda bustani fulani, jina sitasema, ambapo walikuwa na tumbili amefungwa kamba kiunoni na watoto wanapigwa naye picha kwa pesa, na tumbili alikuwa anaonyesha meno. Wazazi walikuwa wanasema anatabasamu. Hiyo ni woga. Tumbili akionyesha meno hivyo anaomba asiumizwe. Nilitoka hapo na uchungu mwingi. Ukimpeleka mtoto kuona mnyama, muulize yule mnyama anaweza kuondoka akitaka? Pale Sheldrick ndovu akichoka na umati anageuka anaenda dimbwini, hakuna anayemvuta.

Kwa gari tukirudi mtoto akaniuliza sasa paka wake anampenda vipi kama hana mkonga. Nikamwambia akiangalie kile kichwa anachosugua miguuni mwake, paka ana tezi za harufu hapo shavuni na kwa kipaji, anakuweka alama kwamba wewe ni wa nyumba yake. Na nikamfundisha ile ya macho: mwangalie paka, funga macho pole pole, fungua pole pole, usimkazie. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walijaribu hivyo 2020 na paka nao wakajibu wakifinya macho yao, na hata walimkaribia zaidi mtu wasiyemjua aliyefanya hivyo. Jioni hiyo nilipigiwa simu ya video nikaonyeshwa paka akifinya macho, na shangwe ya huko nyumbani mpaka majirani walisikia.

Baba naye kwa gari alikuwa kimya. Tulipofika karibu na uwanja wa ndege wa Wilson aliniuliza kama nimekula, na mimi nilikuwa nimekaa naye siku nzima, anajua kabisa nimekula nini na sijakula nini. Nikamjibu bado baba, tukasimama tukala. Watu wetu ndio hivyo, umekula, umefika, umevaa sweta, na gunia la viazi juu ya matatu ya Njabini likija bila hata ujumbe, unapigiwa tu na dereva uende stejini. Nyanya yangu alikuwa akikubariki anakutemea mate kidogo kifuani, na Wamasai bado hubariki hivyo, na mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa mkubwa akiguse. Pwani mtoto anabusu mkono wa mzee. Mimi tangu siku hiyo nimeanza kumshika baba mkono tukivuka barabara, na ameniacha nimshike.

Haya, mambo ya kujua kabla uende. Ni ya kusimama saa nzima, kwa hivyo kama mzee wako ana magoti mpange mapema, mwekeni mbele karibu na kamba ama mbebe kiti kidogo cha kukunja kama mtaruhusiwa, ulizeni wakati wa kubuku. Fika mapema, saa nne na nusu uwe langoni, juu nafasi ya mbele kwa kamba ndio mtoto ataona vizuri. Valia viatu vya kuchafuka, ndovu akitikisa matope hachagui. Mafuta ya jua na kofia. Mtoto mdogo sana ambaye atalia muda wote ningesubiri akue kidogo.

Kama una uwezo kuna mpango wa kuasili mtoto mmoja wa ndovu, ni dola 50 kwa mwaka, hutampeleka nyumbani bila shaka lakini unatumiwa habari zake kila mwezi, anavyokua, ameanza kula nini, amegombana na nani. Ni zawadi nzuri ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto ambaye ana vitu vya plastiki vya kutosha. Na utamfuatilia mpaka ahamishwe, juu hawa hawabaki Nairobi, wakikua kidogo wanapelekwa Tsavo, kuna vituo Voi na Ithumba, na kingine Umani kule msitu wa Kibwezi kwa wale wenye majeraha, wanajifunza kukaa na ndovu wa mwituni polepole kwa miaka, na kila mmoja anaondoka akiwa tayari, hafukuzwi. Wengine wakishazaa huko porini wanarudi na mtoto wao kuwaonyesha walezi. Walezi wanamkaribia yule mtoto na mama anawaruhusu, na mama ndovu wa mwituni hakuruhusu hata umsogelee mtoto wake kwa gari.

Baba ameniuliza mara kadhaa Ithumba ni wapi na ni pesa ngapi kufika. Ni upande wa kaskazini wa Tsavo Mashariki, unaingilia upande wa Kitui, na naanza kuweka akiba ya hiyo safari. Nyinyi wa hapa Nairobi msiwe na kisingizio, likizo ya Agosti nafasi zinajaa haraka, bukuni sasa.